Kiwiko cha Jumatano

Mjini kote watu walikuwa na hakika kwamba maduka yote yenye kibao cha kijani ni mali ya tajiri mmoja. Kuna waliosema anaishi ng'ambo, kuna waliosema ni mwanamke asiyependa kuonekana, na kinyozi wa mtaa wa pili aliapa kwamba aliwahi kumnyoa ndevu. Mama Rafu alishachoka kuwasahihisha. Kila wiki alipatikana mteja wa kugonga kaunta na kutishia kwamba atampigia simu mwenyewe, na kila wiki Mama Rafu alimjibu kwa adabu zake zote, "Mwenyewe yuko pale nyuma, anakunywa chai. Nikuitie?"

Na kweli alikuwa pale nyuma. Maduka ya kibao cha kijani yalikuwa ishirini na matatu, yametapakaa mkoa mzima, na wenyewe walikuwa kumi na wanane. Kumi na saba walikuwa na duka mojamoja. Wa kumi na nane alikuwa na sita peke yake, ndiyo maana nyuma ya mgongo wake, na siku hizi hata mbele ya uso wake, aliitwa Bwana Sita. Vilivyokuwa vya wote ni jina, ghala kubwa nje ya mji, malori saba, na mkutano wa mara nne kwa mwaka ambapo waligombania bei ya sukari mpaka sauti zikawakauka, kisha wakala chakula cha mchana pamoja wakicheka. Ukitaka kumuudhi yeyote kati yao, liite duka lake tawi. "Tawi?" angekuuliza. "Mti wenyewe umeuona wapi?"

Mwenye duka hili aliitwa Mjomba. Kwa Mama Rafu alikuwa mjomba wa kweli, kaka wa mama yake, tumbo moja. Kwa wafanyakazi wengine alikuwa mjomba wa kazini, na wote walimwogopa sawasawa. Alilianzisha likiwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao, akajiunga na kibao cha kijani pale wenye maduka walipokuwa watano tu, na sasa lilikuwa na njia nane za rafu, kaunta nne na friji za maziwa zinazounguruma mchana kutwa. Magoti yalikuwa yamemgomea. Watoto wake wawili walishasema wazi kwamba hawataki kusikia habari za unga na sabuni maishani mwao. Mwanzoni mwa mwaka akasimama kwenye mkutano na kutangaza kwamba anaacha.

Hapo ndipo kanuni ilipoingia. Mwenye duka akitaka kuacha, hauzi kwa amtakaye. Wa kwanza kuangaliwa ni mtu aliyeliendesha duka lenyewe kwa miaka kumi au zaidi, kama yupo na kama anajiweza. Mama Rafu alikuwa ameingia pale kama msichana wa kaunta akiwa na miaka ishirini na miwili, na miaka kumi na moja ya mwisho alikuwa meneja. Benki ilikuwa imekubali, mumewe alikuwa amekubali, na Mjomba alikuwa amekubali baada ya kununa mwezi mzima. Palikuwa pamebaki jambo moja tu. Wenye maduka watatu hutumwa kulikagua duka, na wawili wakisema ndiyo, limekuwa lake. Wakisema hapana, linarudi mezani kwa wenye maduka wengine. Bwana Sita alikuwa ameshalizunguka mara mbili kwa gari lake, polepole, akipima kwa macho hata upana wa maegesho. Na kwenye kamati ya watu watatu, kura ikamwangukia yeye kuwa wa tatu. Katika kanuni hapakuwa na kifungu cha kumzuia mtu kwa sababu ya tamaa.

Mama Rafu alilitaka duka hilo, wala hakujifanya. Alilitaka usingizini na akiwa macho. Alijua ubao upi wa rafu umepinda, mteja yupi ananunua maziwa kwa ajili ya paka na kusema ni ya mtoto, na friji ipi hupigwa teke upande wa kushoto ili inyamaze. Mtu akimwuliza kama hana wasiwasi, alijibu, "Wasiwasi wa nini? Waje."

Kamati huja Jumatano. Hilo kila mwenye duka analijua. Lori la ghala hufika Alhamisi, kwa hiyo Jumatano ndiyo siku ambayo duka huwa limepigika: njaa imeingia kwenye rafu, mapengo kila mahali. Duka zuri la Ijumaa hata mjinga analo. Wakaguzi hupita wakitazama, kisha hufanya kitu kimoja ambacho wao wenyewe hukiita kiwiko. Mkaguzi hunyoosha mkono, anaupitisha juu ya safu ya mbele na kuuzamisha rafuni mpaka kwenye kiwiko. Mkono ukikuta bidhaa, vizuri. Ukikuta hewa, anajua kwamba umevuta vitu mbele ili rafu ionekane imejaa, na uso wake hubadilika.

Mama Rafu hakuwa na mpango wa kuvuta kitu mbele. Yeye alikuwa na kadi. Miaka minne iliyopita aliacha kabisa kuficha mapengo. Kitu kikiisha, aliacha pengo lake wazi na kubandika kadi ya njano iliyoandikwa kwa mkono: Hamira imeisha. Inakuja Alhamisi. Mpaka hapo jaribu ya pakiti ndogo, njia ya tano. Wateja walizizoea wakazipenda. Mjomba alizichukia kama uchungu wa jino.

"Unatangaza njaa ya nyumba yako mlangoni," alimwambia.

"Si njaa, Mjomba. Namwokolea mtu muda wa kutafuta kisichokuwepo."

"Mteja haji dukani kusoma barua."

"Mbona wanasoma, na Alhamisi wanarudi?"

Mjomba alikuwa na jibu moja kwa mambo ya namna hiyo, nalo ni kuguna.

Jumanne jioni, kabla ya kufunga, Mama Rafu aliwapanga wafanyakazi wake mbele ya kaunta. Aliwaambia kesho wasiguse mapengo. Kadi thelathini na moja ziko mahali pake, sakafu ni safi, kila mtu avae sare yake na acheke kama anavyocheka siku zote, si zaidi. Akaenda nyumbani, akala, akalala fofofo kama mtoto.

Asubuhi alifika saa kumi na mbili na nusu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mtunza stoo alikuwa amesimama karibu na kreti za maziwa, macho chini, akisugua kidole gumba kwa kidole kingine.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Meneja."

"Hakuna kitu ndiyo sura gani hiyo?"

"Mjomba amesema tusikwambie. Amesema ni zawadi."

Mama Rafu aliingia ndani. Akasimama mwanzo wa njia ya kwanza. Duka lilikuwa limejaa. Njia zote nane, kuanzia chini mpaka juu, hakuna pengo hata la kiberiti. Makopo yamekaa bega kwa bega, lebo zote zikitazama mbele, pakiti za sabuni zimepandana sawasawa kama zimekatwa kwa uzi. Hakukuwa na kadi hata moja. Alipeleka mkono nyuma ya makopo ya nyanya. Vidole vikagusa kitu kigumu. Boksi. Akaligonga, likaitika kwa sauti nyembamba ya kitu kisicho na kitu ndani.

Kuvuta mbele ni ujanja mdogo. Kila mwenye duka ameufanya na kila mwenye duka anaukana. Kuweka maboksi matupu nyuma yake ni jambo lingine. Kiwiko hukuta boksi, mkaguzi huridhika, na mapengo yote yanalala salama. Wenye maduka walishawahi kumnyima mtu duka kwa sababu hiyo, na mtu huyo mpaka leo anauza viatu.

Mjomba alikuwa amesimama mwisho wa njia, mikono ya shati imekunjwa, vumbi kwenye magoti yale yale mabovu. Alikuwa anahema. Alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo Mama Rafu hakuwa ameiona tangu siku ya harusi yake.

"Tangu saa tisa alfajiri," alisema. "Peke yangu. Sikutaka kuwasumbua vijana."

"Mjomba. Kadi zangu ziko wapi?"

"Nimezitia kwenye droo. Leo si siku ya kadi, mwanangu. Wale nawajua. Acha mimi nikuvushe, halafu kesho ubandike hata ukutani kwangu."

Alitaka kumfokea. Alitaka pia kumkumbatia na kumfuta vumbi. Alikuwa ameshafungua mdomo aseme litakalotangulia pale mlango wa mbele ulipogongwa. Walikuwa wamewahi. Wenye maduka siku zote huwahi.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mwenyekiti, mama mnene mwenye viatu vya raba na miwani ya kamba, mwenye duka la karibu na hospitali. Nyuma yake mwenye duka la kituo cha mabasi, mwanamume mwembamba asiyependa kusema, anayegusa kila kitu kama fundi nguo. Mwisho kabisa, bila haraka, Bwana Sita.

"Mzee, shikamoo," Bwana Sita alimwamkia Mjomba, akainama kidogo.

"Marahaba. Umenenepa."

"Ni maduka, Mzee. Yananilisha vizuri."

Milango ikafunguliwa, wateja wa asubuhi wakaanza kuingia, na kamati ikaanza kutembea. Mama Rafu alitembea nao akijibu maswali. Majibu anayo, hayakumpa shida: mikate inafika saa ngapi, maziwa yaliyobaki yanaenda wapi, friji ya pili ina umri gani. Sauti yake ilikuwa imetulia.

Kwenye njia ya pili, mwenye duka la kituo alisimama. Akanyoosha mkono juu ya safu ya chumvi na kuuzamisha mpaka kwenye kiwiko. Mama Rafu akabana pumzi. Mkono ulikaa mle ndani muda ambao mtu angeweza kusema jina lake mara tatu. Kisha ukatoka, na yule bwana akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Jumatano hii?" Mwenyekiti alisema. "Hongera. Mimi mwenyewe leo sina chumvi."

Imepita, Mama Rafu akawaza. Imepita hivihivi.

Mjomba, kando ya friji, alimkonyeza.

Njia ya tatu, kiwiko, ikapita. Njia ya nne ikapita. Mwenyekiti alianza kuandika kwenye daftari lake, na maneno aliyokuwa akiandika yalionekana kuwa mazuri, maana aliandika huku akitabasamu. Ni Bwana Sita tu ambaye hakuzamisha mkono popote. Alitembea mikono nyuma, akitazama rafu, kisha akimtazama Mama Rafu, kisha rafu tena. Alikuwa anajua. Mama Rafu aliliona hilo waziwazi: alikuwa anajua, na alikuwa anangoja aone yeye atafanya nini. Akinyamaza, huyu mtu atakuwa na neno lake mfukoni maisha yake yote, na kwenye kila mkutano atalipapasa. Lakini duka litakuwa lake. Hilo nalo lilikuwa kweli. Ilimpasa tu kufunga mdomo kwa njia nne zilizobaki.

Njia ya tano walimkuta mpishi wa shule. Alikuwa mteja wa kila Jumatano, mwanamke mrefu mwenye toroli mbili, mwenye kulisha watoto mia mbili na arobaini kila mchana. Alikuwa amesimama mbele ya makopo ya nyanya, mkono kiunoni.

"Afadhali leo mnazo," alimwambia Mama Rafu. "Sijaona kadi, nikasema Mungu mkubwa. Nataka kumi na nane. Nilikuwa niende sokoni kwanza lakini nimesema acha, nichukue zote hapa nirudi jikoni."

Akanyoosha mkono kuchukua la kwanza.

Mama Rafu hakukata shauri, mdomo ulimtangulia. "Mpishi, ngoja. Usipoteze muda wako. Yapo sita tu. Nyuma yake ni maboksi matupu."

Mkono wa mpishi ulisimama juu ya kopo.

"Maboksi?" mpishi aliuliza.

"Maboksi. Nyanya zimebaki hizo tu tangu jana, nyingine zinakuja kesho saa nne. Chukua hizi sita, na zilizobaki nenda sokoni sasa hivi kabla hawajapandisha bei. Hamira pia hakuna. Wala majani ya chai ya pakiti kubwa, wala nepi namba tatu, kama kuna mtu anataka." Alikuwa anasema kwa sauti ya kusikika njia nzima sasa. Maadamu ameshayavulia maji nguo, aliona heri ayaoge kabisa. "Chumvi ziko pakiti tisa. Kiberiti kipo. Sabuni ya unga ya kilo mbili, iliyopo ni hiyo safu ya mbele tu."

Mpishi wa shule alichukua makopo yake sita, akashukuru, akaondoka na toroli zake akikimbilia sokoni. Mwenyekiti alivua miwani. Mwenye duka la kituo aliutazama mkono wake kana kwamba umemsaliti, kisha akauzamisha kwenye rafu na kulitoa boksi la kwanza, la pili, la tatu, akiyapanga sakafuni bila neno.

"Nani ameyaweka haya?" Mwenyekiti aliuliza. Hakuwa na mzaha tena.

Mjomba alikuwa ameanza kuja, akichechemea, uso umemshuka. Mama Rafu alimwona kwa pembe ya jicho. Miaka thelathini na kitu ya kazi, na watu hawa wamemwamkia kwa heshima leo asubuhi.

"Mimi ndiye meneja," alisema haraka. "Kilichoko kwenye rafu ni changu."

"Sikuuliza ni cha nani. Nimeuliza ameweka nani."

"Na mimi nimejibu, mama."

Bwana Sita aliinama, akaokota boksi moja, akaligeuza chini juu. Akaanza kucheka, kicheko cha polepole kilichomtikisa tumbo. "Hebu tazameni kona hii," alisema. "Imekunjwa ndani mara mbili ili boksi lisibonyee likiguswa. Kuna mtu mmoja tu duniani anayekunja hivi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa aliponifundisha, hapahapa, njia hii hii, na nilipokosea alinipiga kofi la kisogo. Mzee, nimedanganya kamati mbili kwa kona hii. Nashukuru sana."

Mjomba alifika. Alisimama katikati yao akiwa mfupi kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Ni mimi," alisema. "Binti hakujua. Jana aliziacha kadi zake mahali pake, zote, nikaziondoa. Nina ufunguo wa mlango wa nyuma." Akameza mate. "Nilitaka kumsaidia. Nimemharibia. Kama kuna adhabu, iwe yangu. Yeye msimnyime kwa ujinga wangu. Mimi ndiye sijui kuacha."

Mama Rafu alimshika mkono wake, ule wenye vumbi, hakuuachia.

Kamati iliingia ofisini na kufunga mlango. Wafanyakazi walijifanya wana kazi. Mama Rafu hakukaa kungoja hukumu kama mshitakiwa. Aliita mtunza stoo na dada wa kaunta ya tatu, wakatoa maboksi yote, njia zote nane, mbele ya wateja waliokuwa wakitazama na kuulizana. Kadi akazitoa kwenye droo ya kaunta, akazibandika upya moja moja. Kadi tatu zilikuwa zimelowa chai, akaziandika tena kutoka kichwani. Kama nitalikosa, aliwaza, basi nitalikosa likiwa hivi. Alijisikia mwepesi, akajishangaa.

Baada ya nusu saa wakamwita. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, si kile cha nyuma ya meza.

"Wawili ndiyo, mmoja hapana," Mwenyekiti alisema. "Duka ni lako."

Mama Rafu alimgeukia Bwana Sita.

"Hapana ni yangu," Bwana Sita alisema, bila aibu yoyote. "Sikufichi. Nalitaka duka hili. Ungenyamaza pale kwenye nyanya ningesema ndiyo, ningekudai hisani yangu mpaka tuzeeke. Sasa huna deni nami, na mimi nimebaki na sita zangu." Akasimama, akavaa kofia. "Hamira ninazo nyingi kwenye duka la pale juu. Tuma mtu na gari kabla ya saa sita, tutalipana kupitia ghala."

"Nitamtuma," Mama Rafu alisema. "Na ukikosa chumvi wiki ijayo, usione haya."

"Kuna sharti," Mwenyekiti akaendelea, na safari hii alimtazama Mjomba. "Wala si la kwetu kulitekeleza, ni la kwako wewe, binti. Duka la kibao cha kijani lina mwenyewe mmoja. Si mmoja na nusu. Ufunguo wa mlango wa nyuma uwe mmoja, na uwe kwako."

Walipoondoka, wakabaki wawili ofisini. Hili ndilo Mama Rafu hakuwa amejiandaa nalo. Benki aliikabili, kamati aliikabili, lakini kumnyooshea mkono mtu aliyemfundisha kufunga mfuko wa sukari bila kuuchana, na kumwomba ufunguo wake, aliona ni kama kumvua shati hadharani. Akajikaza kisabuni.

"Mjomba, nipe ufunguo."

"Nitaleta kesho."

"Leo, Mjomba. Nikikuacha nao mpaka kesho, kesho kutwa utakuwa unapanga sabuni."

Mjomba akauchomoa kwenye mkufu wake, taratibu, akauweka mezani badala ya mkononi mwa Mama Rafu. Akatoka kwa mlango wa mbele bila kuaga mtu. Mama Rafu alilia kidogo, akanawa uso, akarudi kazini maana kaunta ya pili ilikuwa imekwama karatasi.

Wiki ile Mjomba hakuonekana dukani. Alhamisi lori lilikuja, Ijumaa wakasaini makaratasi kwa wakili, naye alisaini jina lake akiwa amefunga mdomo kama mtu anayeng'olewa jino. Jumapili Mama Rafu alimpigia simu mke wa Mjomba kuuliza hali.

"Hali?" mkewe alisema. "Amepanga kabati langu lote la jikoni, lebo mbele. Nikitaka chumvi naona kwanza makopo. Mwanangu, mtafutie shughuli au nitamrudisha kwenu."

"Akitaka kuja, mlango wa mbele uko wazi kwa kila mtu."

"Nimemwambia. Ananuna."

Jumamosi iliyofuata, saa tano asubuhi, duka lilikuwa limefurika. Dada wa kaunta ya tatu alikuwa peke yake kwenye mashine, wengine wakipokea mikate ya pili, na foleni ilikuwa imefika kwenye friji za maziwa. Mama Rafu alikuwa stoo akihesabu kreti aliposikia sauti anayoijua, imepandishwa makusudi ili isikike mpaka nyuma.

"Dada, hii foleni ni ya mchezo? Watu kumi na moja na kaunta moja! Huku kwenu ndivyo mnavyofanya?"

Aliweka kreti chini, akachungulia. Mjomba alikuwa wa saba kwenye foleni. Alikuwa amevaa shati la kutokea, ameshika toroli yenye mkate mmoja, maziwa mawili na pakiti ya sabuni, na amekunja uso kama mteja mbaya kuliko wote waliowahi kukanyaga pale. Dada wa kaunta ya tatu alikuwa amepigwa na butwaa, mkono hewani, hajui amwamkie, amkimbie au amwombe msamaha.

"Mjomba, karibu upite huku nyuma, mimi nitaku..."

"Nyuma nifuate nini? Mimi mteja." Akagonga mpini wa toroli mara mbili kwa funguo za nyumbani kwake. Watu wote kwenye foleni waligeuka kumtazama. "Usinipitishe huko na huko. Niitie mwenye duka."

Dada aligeuka, akamwona Mama Rafu mlangoni.

"Ndiye mimi," Mama Rafu alisema, akija haraka huku akifunga aproni. "Samahani sana, mteja. Nafungua ya pili sasa hivi."

"Fanya upesi," Mjomba alisema, akavuta toroli yake na kuwa wa kwanza kwenye kaunta ya pili.